Namna ya Kuanguka Bila Kuumia

Mwezi uliopita tulimzika Sherifu kule Molo, na nusura niharibu mazishi ya watu. Kijana aliyekuwa anaendesha shughuli, buti za ngozi miguuni na kofia pana kichwani kama nusu ya waombolezaji siku ile, alishika maikrofoni akatueleza kwamba marehemu alianza kama kauboi wa filamu, yule aliyepanda farasi akiimba huku akiwatandika majambazi, halafu kwa kuona mbali akaachana na filamu na kuingia muziki wa kantri, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soko. Soko! Damu ilinipanda hadi masikioni. Dada yangu alinishika goti akaninong'oneza, "Zipora, tafadhali, usianze. Hapa ni kwa wenyewe." Nikamtii. Lakini nilikuwa nimekalia kiti cha plastiki, na nilishajua mahali hasa kwenye kile kichwa cha yule kijana ambapo kiti kingetua. Mvi zimeanza kunitoka, magoti yananiuma kukiwa na baridi, ila hasira yangu bado ni mbichi kabisa.

Mimi Sherifu nilimjua mwaka mmoja tu, katika nyumba ya familia moja, kwanza Riyadh kisha Jeddah, miaka ile ambayo kila mtaa wa Nakuru ulikuwa na ajenti na kila ajenti alikuwa na picha ya ndege ukutani. Mimi nilipelekwa kufanya kazi za nyumbani, yeye udereva. Nilipofika nilimkuta. Nyumba ya Riyadh ilikuwa na jikoni mbili: moja ya ndani, ya kuonyesha wageni, ambayo haikuwahi kukaangwa hata kitunguu, na nyingine ya nyuma, ndogo, yenye mafuta ukutani, ambayo ndiyo iliyokuwa jiko. Mimi nililala katika chumba kilichopakana nayo, mimi na mashine ya kufulia, na hadi leo nafua kwa sabuni ya mche tu, ya unga siinunui. Jikoni ile ilikuwa na dirisha lililotazama uani, na kupitia dirisha hilo nilimpa dereva sahani yake ya wali na kuku. Sheria ilikuwa wazi: dereva haingii ndani, kwenye wanawake, hata nyumba iwake moto. Mimi nami sikupita geti. Kwa hiyo urafiki wetu wote ulikuwa wa dirishani, yeye amesimama nje na sahani, mimi ndani na mwiko, na akisikia hatua za madam, mke wa mwenye nyumba, anageuka kama mtu anayehesabu matairi ya gari.

Siku ya kwanza sikumtazama usoni. Nilimpa chakula, akashukuru, akaenda kuosha gari. Halafu nikasikia ule mlio. Kama uliwahi kuziona filamu zake unaujua: sauti inaanzia chini kifuani, inaruka juu ghafla kooni, inashuka, inaruka tena, mpaka unadhani mtu ana koo mbili. Nilikuwa nimeusikia kwenye ukumbi wa video Jumamosi ngapi sijui, tukipiga benchi kwa viganja. Nilitoa kichwa dirishani. "Wewe! Si wewe ni Sherifu?" Akaangalia huku na huku, kitambaa kinadondosha maji. "Hapa mimi ni dereva, dada. Sherifu nilimwacha erpoti." Lakini alicheka, na meno yake yalikuwa mazuri ajabu, meupe, yamepangwa sawasawa. Akaniambia filamu zilikufa pale watu walipoanza kunakiliana kwa flashi bila kununua. Ameamua kuendesha magari miaka miwili, arudi atengeneze filamu moja kubwa, yenye farasi zaidi ya mmoja. Kofia yake alikuja nayo. Ilikuwa kwenye sanduku, imejazwa soksi ndani isibonyee.

Madam alikuwa anapiga. Sitazunguka. Alipiga kwa chochote kilichokuwa mkononi: kandambili, rimoti, upawa, siku moja kuku aliyeganda kutoka kwenye friza. Hakuwa mtu wa kupanga ubaya. Hasira ilimjia kama chafya, akishapiga anasahau, na baada ya dakika chache anakuuliza kama umekula. Mumewe, ambaye sisi wote tulimwita baba, alikuwa safarini karibu kila wiki. Wiki zile za mwanzo niliposimamishwa nipigwe makofi nilifanya alichofundishwa kila mtoto wa shule zetu: nilisimama wima, nikakaza shingo, nikameza. Kumbe hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliona kiburi, akaongeza. Siku moja Sherifu akaja kuchukua sahani, akaona shavu langu. Hakusema pole. Aliniuliza, "Ulianguka?"

"Nianguke kwa nini? Mimi si mlevi."

"Hapo ndipo unakosea." Akaweka sahani juu ya ndoo, akarudi hatua mbili pale uani, mahali ambapo ningemwona vizuri. "Skiza. Kofi likija usilingoje. Lifuate. Shingo iache kama kitambaa. Huu mkono ambao yeye hauoni, piga paja, paa! Sauti itoke hapo. Kisha toa ukelele, angukia upande wenye nyama, si wenye mfupa. Na ukishafika chini, usiharakishe kuinuka. Mtu anayepiga anataka kuona kazi yake imefanyika." Akajipiga kofi la hewani, paja likalia, akaruka akaanguka kwenye saruji kwa kishindo mpaka nikapiga kelele. Akainuka anajifuta. Nikamuuliza amejifunza wapi, maana kwenye filamu zake zote sikuwahi kumwona chini. "Kauboi haanguki, ni kweli. Lakini kabla ya kuwa kauboi nilikuwa jambazi miaka mitatu. Nimeuawa mara nyingi kuliko mende."

Nilifanya mazoezi chumbani mwangu, kwenye godoro, mashine ya kufulia ikizunguka ili kishindo kisisikike. Naandika haya nacheka peke yangu, mwanamke mzima anajitupa godoroni akijipiga paja. Kisha siku ikafika. Madam alikuta tone la mtindi sakafuni, akanyanyua mkono, nami nikaanguka kabla vidole havijagusa shavu vizuri. Paa! "Woooi!" Nilijiviringisha mpaka kwenye mguu wa meza. Jamani! Madam aliganda. Alikitazama kiganja chake, akakimbia kuniletea maji. Pembeni, kwenye mkeka wake, alikuwa ameketi mama yake, bibi mzee ambaye nyumba nzima ilimwita Hajja, akitoa tende kokwa. Yeye mkono wangu wa paja aliuona waziwazi kutoka pale alipokaa. Alinitazama, akaitazama ile tende, mabega yakaanza kumtikisika. Akaendelea kutoa kokwa. Tangu siku hiyo vipigo vilipungua, na Hajja akawa ananibakizia tende kwenye kisahani.

Nikifikiria sasa naona kwamba tulifurahia mapema mno. Sherifu alijivuna kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameongoza darasa. Kila akija dirishani ananiuliza, "Leo umeanguka? Ukelele ulikuwaje? Nilikusikia nikiwa getini, ulikuwa mwembamba, utoe tumboni." Akiwa anaosha gari na kusikia kishindo changu ndani, ananijibu kwa ule mlio wake wa kooni, mfupi tu, nijue kwamba amesikia. Ikawa mchezo wetu. Kwenye nyumba unamopigwa, mchezo ni chakula.

Hajja alikuwa na kitinda mimba aitwaye Sami, mdogo wake madam, mwanamume wa miaka thelathini hivi ambaye tuliambiwa tumwite bosi. Ukimwona barabarani utampenda: mrefu, manukato, kanzu nyeupe isiyo na mkunjo. Lakini yeye alipiga tofauti na dada yake. Madam alipiga akiwa amekasirika. Sami alipiga akiwa ametulia, ametabasamu, kama mtu anayejaribu tikiti maji kama limeiva. Huyo ndiye aliyezigundua filamu za Sherifu mtandaoni. Sijui nani alimwambia. Alizitazama zote, na wiki nzima akawa anamwita dereva "Kauboi, Kauboi," huku akimpiga ngumi za begani ambazo hazikuwa za utani kabisa.

Ilikuwa msimu wa baridi ule wa Riyadh, unaokausha midomo. Ijumaa moja tulikwenda istiraha, yaani nyumba ya mapumziko nje ya mji, yenye mchanga, mahema na zizi. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na jikoni katikati. Mimi nilikuwa hapo nikipakua wali, dirisha la kupitishia sinia likiwa wazi, jua la alasiri limenipiga usoni. Nikamwona Sherifu akitoka chumba cha walinzi. Alikuwa amevaa kofia. Walikuwa wamemwomba awachezee, naye, Mungu amrehemu, alifurahi! Mwaka mzima hakuna mtu aliyemtazama ila kumwambia yalla, haraka, leta gari. Alipanda farasi wa watu, akazunguka uwanja mkono mmoja hewani, akaimba, akapiga mlio wake mpaka farasi akasimamisha masikio. Wale vijana walishangilia, simu zimeinuliwa. Hata mimi nilipiga sinia kwa kijiko. Nilijiona niko Nakuru.

Ndipo Sami akasema sasa wapigane, kama kwenye filamu. Sherifu akashuka, akaanza kumpanga. Nilimwona kwa macho yangu haya. Alimshika Sami mkono wa kulia kwa heshima, akaupitisha kando ya kidevu chake polepole, akamwonyesha: hapa, hewani, mafi kugusa, yaani hakuna kugusa, mimi nitaanguka. Sami akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akarudi nyuma, akaja, akampiga ngumi ya mdomo ambayo niliisikia hadi jikoni. Sherifu akaenda chini. Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo: aliinuka akitabasamu, damu kwenye meno, akadhani mwenzake amekosea umbali. Kule kwao waigizaji walikosea kila siku, wakaombana msamaha, wakarudia. Basi naye akarudi mahali pake, akaweka kofia sawa, akasema, "Mbali kidogo, bosi," akaupanga ule mkono mara ya pili. Ngumi ya pili ilivunja taya. Alipopiga magoti, Sami akamlenga kwa goti lake, halafu wenzake wawili wakaingia kwa mateke, mmoja bado anashika simu juu ili picha isitikisike. Meno yalitoka. Nililiona moja mchangani, jeupe, nikadhani ni punje ya wali niliyodondosha. Sinia lilinitoka mikononi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kiarabu changu cha jikoni, na aliyetoka hemani mbio alikuwa Hajja, buibui limekaa upande, akamcharaza mwanawe mgongoni kwa fimbo yake ya kutembelea mpaka fimbo ikavunjika. "Halas! Basi, mbwa wewe!" Akakitupa kipande kilichobaki mkononi. Kisha akaamuru gari liletwe, Sherifu apelekwe hospitali, na yeye mwenyewe akapanda mbele.

Walimfunga taya kwa waya. Wiki nyingi chakula chake kilipita dirishani kwenye kikombe: nilisaga wali, nyama, karoti, nikatengeneza uji wa ajabu usio na jina, akaunywa kwa mrija akifumba macho. Hakuweza kuongea. Ila alikuwa anavuma, mdomo umefungwa, chini kabisa, wimbo usio na maneno, polepole kama gari linalopanda mlima na mzigo. Waya ulipotolewa alijaribu ule mlio wake wa zamani mbele yangu. Hewa ilitokea kwenye mapengo. Sauti ilipanda nusu, ikakatika. Akajaribu tena. Nikajifanya nachambua mchele. "Imeenda," akasema, na neno lenyewe lilikuwa na mluzi ndani yake. Nilimwambia atapata meno ya bandia. Akaniambia meno si kitu, shida ni kwamba kila akifungua taya ili sauti iruke, anauona ule mkono wa Sami ukija. Nilimlilia pale pale, sikujificha. Na kwa muda mrefu niliamini kwamba kantri yake ilizaliwa pale, kwenye kikombe changu na mrija.

Joto lilipoanza, familia ikahamia Jeddah, kwenye nyumba yao ya mtaa wa Al-Safa. Jeddah unaoga tena, kwa jasho, kabla hujatoka bafuni. Jikoni ya huko ilikuwa imeungana na ushoroba, na mlango wa nyuma ulifungukia mahali dereva alipoegesha gari, kwa hiyo hatukuwa na dirisha bali mlango wa mbao, yeye nje, mimi ndani, tukizungumza kupitia upenyo. Sami alibaki Riyadh, tukapumua. Siku za Ijumaa Sherifu alimpeleka Hajja Balad, mji wa kale, kwa shoga yake muuza udi, na alipokuwa anamsubiri alipanda chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani ambapo madereva na wapagazi wa kwetu walikutana kula ugali. Walimjua. Walitaka kauboi. Akawaambia mlio umekwisha, akachukua gitaa la mtu akawaimbia taratibu, kwa sauti ile ya chini, juu ya mtu anayeendesha gari lisilo lake kwenda kwa mke asiyeweza kumpigia. Alinisimulia mlangoni siku iliyofuata, akiwa ameshika barafu kwenye vidole vilivyovimba.

"Mmoja akanicheka. Akasema, huyu Sherifu sasa ni mzee wa kanisa. Kuna mlinzi mmoja wa kutoka Kitale, jitu kubwa, alikuwa analia. Akainuka na machozi yake akampiga yule wa kucheka kwa sufuria. Ugali uko ukutani, dada! Watu wamekamatana. Mimi nikajaribu kuamua."

"Ukaanguka?"

"Nilisahau," akasema. "Nilipiga."

Tulicheka, lakini nilimwona anavyovitazama vidole vyake, kama ni vya mtu mwingine. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaomba kurudi nyumbani. Nilimwambia madam mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa kulia. Pasipoti yangu na ikama, kile kibali cha kukaa, vilikuwa kwa baba, na bila kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kukutilia sahihi hutoki nchi ile. Madam alisema baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani akasema baada ya Hija. Na baada ya hapo Sami akaja Jeddah, na hofu yangu ikabadilika: sikutaka tena kurudi na kitu, wala kuuliza narudi lini. Nilitaka tu nitoke kwenye nyumba ile nikiwa hai.

Asubuhi hiyo madam alikuwa ametoka. Hajja alikuwa chumbani kwake mwisho wa ushoroba, mlango umefungwa, redio ya Kurani juu kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nilimpelekea Sami kanzu niliyoipiga pasi. Akaikagua kola, akaona alama ya njano, ndogo kama chembe ya mtama. Nilikuwa nasafisha zulia la ushoroba kwa mashine ya kufyonza vumbi. Aliokota bomba la chuma la ile mashine, akalichomoa taratibu, akanipiga mgongoni. Nikafanya nilichofundishwa. Paa, paja. Ukelele. Chini.

Akacheka. Aliinama akanitazama usoni akasema neno la Kiarabu la mwigizaji, na akanipigia makofi. Alikuwa amezitazama zile filamu zote. Alikuwa amewaona majambazi wote wa Sherifu wakianguka, mkono kwenye paja, upande wa nyama. Alijua. Akanivuta nywele akaniinua. "Tena." Akapiga. Nikaanguka kwa sababu mwili ulishazoea, na kwa kuanguka akanipiga kwa kuwa mwongo. Akaniinua. Nikakataa kuanguka, nikasimama kama zamani, akapiga miguu mpaka nikaanguka, na kwa kuanguka akanipiga tena. Nililia, akasema nalia vizuri sana, niongeze. Haki ya Mungu, sijawahi kuogopa hivyo maishani. Sikuogopa maumivu. Niliogopa kwamba hakuna kitu ambacho mwili wangu ungeweza kufanya ambacho mtu huyu angekiamini. Ningekufa na angenipigia makofi. Bomba liliposhuka kuelekea kichwani nikainua mkono wa kushoto, na mfupa ukalia. Ukelele uliotoka hapo sikuujua. Haukuwa wangu, haukuwa wa tumboni wala wa kooni.

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa teke. Sherifu aliingia na viatu vyake vyenye maji, ndoo ya kuoshea gari bado iko mkononi, sijui kwa nini hakuiacha. Sami alimgeukia. Pigo la kwanza lilitua kwenye taya ileile, na Sherifu akaanguka juu yangu, bila paja, bila ukelele, kama gunia linavyoanguka. Nilidhani amekufa. Kisha nikasikia bomba linampiga mgongoni, linapiga, linapiga, na kila pigo nilihisi pumzi yake inatoka sikioni mwangu. Hakuinuka kama kauboi. Alitambaa. Alimkamata Sami miguu yote miwili kama mtoto anayemzuia mama kwenda sokoni, akamwuma paja kwa meno machache aliyobaki nayo, na hakuachia. Sami alipiga yowe. Akaanguka, na kichwa chake kikagonga kona ya ubao wa pasi, na bado Sherifu hakuachia, damu ya mtu yule inamtoka mdomoni. Hapo ndipo Hajja akatokea. Alitazama mwanawe, akatazama mkono wangu jinsi ulivyokaa. Hakukimbilia kwa mwanawe. Alikwenda hadi mlango wa mbele, akaufungua wazi kwenye barabara, kichwa chake bila mtandio, akawaita majirani kwa sauti.

Polisi walipokuja swali lao la kwanza lilikuwa dereva anafanya nini ndani. Kwa jibu la swali hilo mtu angeweza kuozea gerezani. Hajja alikuwa ameketi kwenye kiti, ameshika mkono wangu mzima. "Mimi nilimwita," akasema. Sami akaanza kuongea. Yule mama akarudia bila kumtazama, "Mimi nilimwita." Alikuwa hajamwita. Alidanganya dhidi ya mtoto aliyemzaa mwisho, na machozi yalimshuka wakati anadanganya. Mimi nilipelekwa hospitali, kisha nyumba ya kuhifadhi wanawake, na pasipoti ikapatikana kwa siku chache tu, ile ambayo ilishindikana mwaka mzima. Sherifu alishikiliwa kwanza, halafu akarudishwa na ndege ya waliofukuzwa. Hatukuagana.

Nilimsikia tena kwenye redio. Nilikuwa saluni kwa dada yangu, mkono wangu umepona ila haunyooki, hadi leo haunyooki, na mtangazaji akasema hapa kuna sauti mpya ya kantri, zamani mlimjua kwa farasi. Ile sauti ya chini. Wimbo ulikuwa wa mwanamume aliyesimama nje ya mlango wa mbao na ndoo ya maji, anasikia mwanamke analia ndani, na beti zinakwenda, mwanamke analia, na wimbo unakwisha mwanamume bado yuko nje. Nilirusha chanuo kwenye redio. "Uongo! Uongo mtupu!" Wateja wakadhani nimerukwa na akili. Nilitafuta namba yake siku mbili. Alipopokea sikumsalimu.

"Mbona umejiimba vibaya hivyo? Nchi nzima itasema uliniacha. Wewe uliingia!"

Akanitambua kwa sauti. "Dada," akasema, "wewe ulianza kulia saa ngapi?"

"Pigo la kwanza."

"Na mimi nilikuwa mlangoni tangu pigo la kwanza. Nilikusikia ukianguka. Nilisikia paja. Nikasema moyoni, ah, leo ameanguka vizuri, ukelele umetoka tumboni. Nilicheka, Zipora. Hata nilijaribu kukujibu na ule mlio, ukakataa kutoka, nikaendelea kupangusa kioo. Nilikuwa nje pale muda wote huo, nakupa alama. Mpaka mkono ulipovunjika."

Nilimkatia simu. Nitasema kweli, nilimchukia. Nilimchukia kuliko Sami, kwa sababu kwa Sami sikuwahi kutegemea kitu. Kila nilipoosha vyombo kwa mkono mmoja na nusu nilimwona amesimama pale na kitambaa chake, anacheka. Wimbo ukawa mkubwa, ukapigwa kwenye kila baa ya barabara ya Nakuru, wanaume wazima wakililia bia zao, nami nikawa nazima redio. Ilinichukua zaidi ya mwaka kumpigia tena, na nilipompigia nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini kilichonitoka kilikuwa kingine.

"Lakini uliingia," nikamwambia.

"Niliingia."

"Basi liweke na hilo kwenye wimbo."

"Siwezi. Nikiliimba hilo watu watashangilia, nirudi kuwa kauboi. Filamu zilinifundisha kucheka mtu akilia, sizitaki tena. Hilo la kuingia liseme wewe, siku utakayotaka. Na usipotaka, ni haki yako."

Miaka yote hii sikutaka. Alikuja kuniona mara moja, tukanywa chai, hatukulitaja. Sasa amelala kwenye udongo wa Molo na watu wenye kofia wanasema habari za soko, na Hajja alishafariki, na hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema kwa nia njema. Basi nalisema. Alisimama mlangoni akacheka mpaka mkono wangu ukavunjika. Kisha aliingia.